Kilichobaki kwenye chujio

Kamua machungwa matatu ya ukubwa wa wastani. Utapata glasi moja ya juisi, mililita 250 hivi, na kwenye chujio patabaki fumba la nyama ya tunda, vigozi vyeupe na mbegu chache. Macho hukimbilia glasi. Naomba tuanze na chujio, kwa sababu karibu kila ubishi unaousikia kuhusu juisi, kwamba ni tiba, kwamba ni sukari tupu, kwamba inasafisha mwili au inaleta kisukari, mzizi wake uko kwenye lile fumba tunalolitupa.

Tuhesabu kwanza kilichomo kwenye glasi. Vitamini C inazidi miligramu 100, na hiyo inamtosha mtu mzima siku nzima na kubaki. Yapo madini ya potasiamu, ipo foleti, vitamini mojawapo ya kundi B, zipo rangi za jamii ya karotini. Ipo pia sukari, gramu 20 na kidogo, kiasi kisichoachana mbali na cha glasi ya soda. Sasa tazama kilichopungua: machungwa yale matatu yalikuja na nyuzinyuzi gramu 9 hivi, na kwenye glasi imebaki kama nusu gramu.

Mtu ataniuliza, sukari ya chungwa si ni ileile, iwe ndani ya tunda au ndani ya glasi? Ni ileile kabisa: glukosi, fruktosi na sukrosi. Kilichobadilika ni nyumba yake. Tunda haliweki sukari kwenye pipa moja. Limeigawa katika mamilioni ya vichumba vidogo mno, yaani seli, na kila seli ina ukuta wa selulosi uliogundishwa kwenye ukuta wa jirani yake kwa pektini, kitu kilekile kinachofanya jemu igande. Ukitafuna, meno huvunja sehemu tu ya kuta hizo. Nyingine huteremka tumboni zikiwa nzima au zimepasuka nusu. Tumbo huchukua muda kulisaga rojo hilo na kuliachia kwenye utumbo kidogo kidogo, na pektini iliyolowa maji huwa kama ute unaoichelewesha sukari kuufikia ukuta wa utumbo. Sukari inaingia kwenye damu kwa matone.

Mashine ya kukamua huimaliza kazi hiyo yote kabla hujanywa. Inabomoa nyumba, inazoa kuta na kukupa wakazi peke yao. Kongosho linapokea sukari kwa mkupuo na kulazimika kutoa kwa haraka insulini nyingi, homoni inayoishusha sukari ya damu. Ini, ambalo ndilo hubeba mzigo mkubwa wa fruktosi, linaletewa shehena ya machungwa matatu ndani ya dakika chache, na fruktosi ikizidi mno siku baada ya siku, sehemu yake hugeuzwa mafuta.

Kuna jaribio moja dogo ambalo kwangu linaeleza jambo hili vizuri kuliko maneno mengi. Mwaka 1977 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya watafiti wa Uingereza waliowapa watu 10 matufaha kwa namna tatu: mazima, yaliyopondwa, na juisi yake isiyo na nyuzinyuzi. Kiasi cha sukari kilikuwa sawa katika namna zote. Juisi ilinyweka mara 11 haraka kuliko matufaha mazima yalivyolika. Tufaha zima lilishibisha zaidi, lililopondwa likafuata, juisi ikashika mkia. Ila yaliyonishika zaidi ni matokeo ya damu: baada ya juisi insulini ilipanda juu kuliko baada ya tufaha zima, kisha sukari ya damu ikaporomoka hadi chini ya ilipoanzia. Kwa tufaha zima haikuporomoka hivyo. Mtu anayekunywa glasi kubwa ya juisi asubuhi bila chakula kingine, akashangaa mbona kabla ya saa mbili kupita ana njaa na amelegea, anaweza kupata jibu lake hapo.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliiweka sukari ya juisi ya matunda kwenye kundi moja na asali, shira na sukari ya mezani, kundi linaloitwa sukari huru. Mwongozo unataka sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo asilimia 5 ni gramu 25, kama vijiko 6 vya chai. Glasi yetu ya machungwa imekaribia kulimaliza fungu lote kabla hujagusa kitu kingine chenye utamu. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi humo, na sasa unajua sababu: haiko huru, imefungiwa.

Tofauti hiyo imeonekana pia kwa watu wengi kwa miaka mingi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchambuzi wa Wamarekani zaidi ya 187,000, wote wahudumu wa afya. Waliokula zaidi matunda mazima, hasa buluberi, zabibu na matufaha, walipata kisukari cha aina ya pili mara chache zaidi. Waliokunywa zaidi juisi za matunda walikipata mara nyingi zaidi. Utafiti wa namna hii huonyesha mambo mawili yakitembea pamoja, nao peke yake hautoshi kusema moja limelizaa jingine. Lakini ukiuweka kando ya jaribio la matufaha, picha inaanza kukaa sawa.

Hapa baadhi ya watu hukata shauri kwamba juisi ni soda iliyovaa kanzu ya tunda. Sikubaliani nao. Soda haina foleti, haina potasiamu ya maana, haina zile kemikali za mimea zinazoupa mdomo ukakasi na damu faida. Tena zipo nyakati ambapo kuvunja kuta kunatusaidia. Chukua karoti. Rangi yake ya chungwa ni betakarotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Karoti mbichi ni ngumu na kuta zake ni nene, kwa hiyo ukiitafuna, sehemu kubwa ya betakarotini hupita utumboni na kutoka ilivyoingia. Ukiisaga laini, kuta zinapasuka na rangi inatoka. Ila haiyeyuki kwenye maji, inataka mafuta. Juisi ya karoti inayonywewa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, parachichi, njugu au yai, hukupa vitamini A zaidi ya ileile inayonywewa peke yake tumbo likiwa tupu. Inashangaza kwamba wanaoisifu sana juisi ya karoti hushauri inywewe hivyohivyo, tumbo tupu, kabla ya kitu chochote.

Mpaka hapa nimezungumzia kukamua. Kusaga kwa blenda ni jambo jingine, na watu huyachanganya mawili haya kwa sababu yote huishia kwenye glasi. Blenda haitupi kitu: nyuzinyuzi zimekatwakatwa lakini zipo, na bakteria wa utumbo mpana watazipata na kuzichachua ziwe asidi za mafuta zinazolisha ukuta wa utumbo. Ndiyo kazi ya nyuzinyuzi ambayo hakuna kidonge cha vitamini kinachoifanya, na watu wazima tunashauriwa tupate angalau gramu 25 kwa siku. Matunda yenye mbegu ndogondogo, kama pasheni, yakisagwa mbegu zake huvunjika na kuachia nyuzinyuzi na mafuta ambayo tungezipitisha nzima tukizimeza. Hasara ya kinywaji cha blenda ni kwamba bado kinanyweka, na kitu kinachonyweka hakikushibishi kama kinachotafunwa. Mtu atasaga ndizi mbili, embe, nanasi na vijiko viwili vya asali, akamaliza kwa mafunda kumi, kisha akakaa mezani kula kama kawaida. Ukichujia kinywaji cha blenda kwenye kitambaa, basi umerudi kwenye juisi, hata kama mashine ni blenda.

Nikiulizwa ni wapi juisi inastahili sifa zake, nitajibu kwenye mboga. Glasi ya juisi ya karoti ina sukari gramu 9 hivi, chini ya nusu ya ile ya machungwa. Ya nyanya ina pungufu zaidi. Tango na seleri karibu ni maji na madini. Lakini mboga yenye ushahidi mzito kuliko zote ni bitiruti, na sababu yake ni nzuri kuieleza.

Bitiruti imejaa naitreti, chumvi ambayo mmea huinyonya udongoni. Ukinywa juisi yake, naitreti huingia kwenye damu, kisha tezi za mate huivuta na kuirudisha mdomoni. Juu ya ulimi wanaishi bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti. Ukimeza mate, naitraiti huingia mwilini na kugeuzwa naitriki oksaidi, gesi inayoiambia misuli ya mishipa ya damu ilegee. Mishipa ikilegea, shinikizo linashuka. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa shinikizo la damu waliokunywa mililita 250 za juisi ya bitiruti kila siku kwa wiki nne: kipimo cha juu kilishuka kwa wastani wa karibu milimita 8 za zebaki, huku waliopewa juisi ileile iliyoondolewa naitreti wakikosa badiliko kama hilo. Si kiasi cha kudharau. Si kibali cha kuacha dawa pia. Ni kitu cha kumweleza daktari ili akipime pamoja na dawa zako. Jambo dogo la kando: ukisukutua kwa dawa ya kuua bakteria wa mdomoni, unaivunja njia hiyo katikati, na bitiruti inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Na usishtuke mkojo ukitoka mwekundu. Kwa baadhi ya watu ni rangi ya bitiruti tu.

Sasa twende kwenye madai. La kwanza ni la vimeng'enya hai. Ni la zamani. Huko Marekani Norman Walker, aliyeunda mashine ya kusaga na kukamua mboga katika miaka ya 1930, alikuwa miongoni mwa walioieneza imani kwamba juisi mbichi huponya kwa sababu ya vimeng'enya vyake. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Kikifika tumboni kinakutana na asidi kali na kumeng'enywa kama protini ya maharage. Vimeng'enya vya tunda vinafanya kazi kweli, ila vinaifanya ndani ya glasi: ndivyo vinavyoibadilisha juisi ya tufaha kuwa ya hudhurungi dakika chache baada ya kukamuliwa, vikisaidiwa na hewa. Ukikamulia limau kidogo, asidi yake inavipunguza kasi. Kwa hiyo usihangaike sana kuchagua kati ya mashine inayozunguka kwa kasi na ile inayosaga polepole kwa sababu ya vimeng'enya. Ya polepole hukamua vizuri zaidi majani, na juisi yake hukawia kubadilika rangi. Basi.

La pili ni la kusafisha mwili: siku tatu, tano au kumi za juisi tupu ili kutoa sumu. Ukimuuliza anayelinadi ni sumu gani, iko kiungo gani na inatolewa na nini, jibu halipatikani. Mwili una wasafishaji wake. Figo huchuja lita 180 hivi za maji ya damu kila siku na kurudisha karibu zote, zikiacha uchafu utoke kwa mkojo. Ini hubadilisha kemikali mbaya ziweze kutolewa. Uzito unaoshuka siku hizo tatu ni wa kweli kwenye mizani, lakini mwingi wake ni maji: akiba ya sukari iliyo kwenye ini na misuli, glaikojeni, huhifadhiwa pamoja na maji, kama gramu tatu kwa kila gramu moja, na akiba ikiisha maji huondoka nayo. Ukirudi kula, uzito unarudi. Kwenye mfungo mrefu wa namna hii protini haitoshi kabisa, na mwili huanza kujipunja misuli yake.

La tatu naliandika kwa uzito wote. Daktari Mjerumani Max Gerson, aliyefariki mwaka 1959, aliacha nyuma mpango unaowataka wagonjwa wa saratani wanywe hadi glasi 13 za juisi kwa siku. Jina lake bado linasambazwa kwa watu walio kwenye hofu kubwa kuliko zote. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba mpango huo unaponya saratani. Mgonjwa anayeacha matibabu kwa ajili ya juisi anapoteza miezi ambayo hatarudishiwa, na anapoteza uzito ambao alikuwa anauhitaji kuliko mtu yeyote.

Kukamua hukusanya pia vitu ambavyo kwa kutafuna tusingevifikia kwa wingi. Hakuna anayekaa kitako akala furushi zima la spinachi mbichi, lakini kulinywa ni rahisi. Spinachi na bitiruti zina oksaleti nyingi, kemikali ya asili ya mimea, na oksaleti ikikutana na kalisi kwenye figo hutengeneza vijiwe. Madaktari wameripoti wagonjwa ambao figo zao ziliharibika baada ya wiki kadhaa za juisi nyingi za kijani kila siku. Spinachi ikichemshwa na maji yake kumwagwa, sehemu nzuri ya oksaleti huondoka. Kwenye juisi hubaki sehemu kubwa. Aliyewahi kupata vijiwe vya figo asiifanye juisi ya spinachi kuwa desturi. Mwenye figo dhaifu ana tatizo jingine, potasiamu: glasi ya juisi ya karoti ina karibu miligramu 700, na figo isiyoweza kuitoa inaiacha ipande hadi kuuvuruga mwendo wa moyo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye ajue kwamba majani ya kijani yana vitamini K, inayopingana na dawa hiyo. Kinachomdhuru ni kubadilisha ghafla kiasi alichozoea, kwa kuongeza au kwa kupunguza.

Kisa cha balungi nakipenda kwa jinsi kilivyogunduliwa. Mwaka 1989 huko Kanada, David Bailey na wenzake walikuwa wakichunguza kama pombe inaathiri dawa ya shinikizo la damu iitwayo felodipini. Ili kuificha ladha ya pombe waliichanganya na juisi ya balungi. Dawa ikaonekana kwenye damu kwa kiasi kikubwa mno kuliko walivyotarajia, na pombe haikuwa sababu. Ilikuja kubainika kwamba balungi lina furanokumarini, kemikali zinazokizima kimeng'enya kilicho kwenye ukuta wa utumbo, kile ambacho kazi yake ni kuzivunja dawa nyingi kabla hazijaingia kwenye damu. Kikizimwa, dozi ya kawaida inageuka dozi kubwa. Na kwa kuwa mwili unahitaji siku nzima au zaidi kutengeneza kingine, kunywa balungi asubuhi na dawa jioni hakusaidii. Baadhi ya dawa za kupunguza lehemu, simvastatini mojawapo, zimo kwenye orodha hiyo. Mfamasia akikukabidhi dawa, muulize kuhusu balungi kwa jina lake.

Usafi nao si wa kupuuzwa. Bakteria hukaa juu ya ganda, na kisu au mashine huwateremsha ndani. Mwaka 1996 juisi ya tufaha ambayo haikupashwa moto ilisambaza bakteria wa E. coli wa aina ya O157 magharibi mwa Marekani na huko Kanada. Makumi ya watu waliugua na mtoto mdogo mmoja akafariki. Ukali wa juisi haukuwaua wadudu hao. Osha tunda likiwa zima kabla ya kulikata, hata lile utakalomenya. Toa mbegu za tufaha kabla ya kusaga, maana zina kitu kinachozaa sianidi zikivunjwa. Tango au jamii yoyote ya maboga likiwa chungu isivyo kawaida, limwage. Juisi iliyobaki iwe kwenye friji na inywewe siku hiyohiyo. Wajawazito, wazee na watoto wadogo wasinywe juisi mbichi iliyokaa.

Kwa watoto mipaka ni mifupi, nami naona ifuatwe. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2017 kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe juisi kabisa, na wa mwaka mmoja hadi mitatu isizidi mililita 120 kwa siku. Chupa ya juisi anayolala nayo mtoto inaoza meno. Asidi hulainisha ganda la jino na sukari hulisha bakteria usiku kucha.

Nikikamua kwa ajili yangu, mboga huchukua nafasi kubwa ya glasi na tunda huwa moja, la kuifanya inyweke: karoti mbili, tango, kipande cha tangawizi, nusu tufaha. Glasi yenyewe ni ndogo, mililita 150, kiasi ambacho mamlaka ya afya ya Uingereza hukihesabu kuwa fungu moja tu la matunda na mboga hata ukinywa zaidi. Naiweka mezani pamoja na chakula. Machicha ya karoti huingia kwenye unga wa maandazi au kwenye supu, na matunda mengine ya siku hiyo nayatafuna.

Kuna mtu mmoja ambaye kwake kila nilichokilaumu hapo juu hugeuka faida. Ni mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita: anatetemeka, jasho jembamba linamtoka, maneno yanaanza kumpotea. Akiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza, anapewa juisi ya tunda yenye sukari gramu 15 hivi, nusu glasi au zaidi kidogo, anapimwa tena baada ya dakika 15, na akitulia anakula kitu cha kumshikilia. Akiwa amezimia hamiminiwi chochote mdomoni, anakimbizwa hospitali. Wakati huo tufaha zima halimfai, hata kama liko mkononi. Kuta zake zitaifungia sukari kwa dakika ambazo yeye hana.